Mchezo Usiosahau: Uhakiki wa Chrono Trigger

Hadithi iliyotungwa ili ichezwe haikosi watu wa kuidharau. Husemwa kwamba mchezo ni kitu cha kupitisha wakati, na kwamba kitu cha kupitisha wakati hupita pamoja na wakati wenyewe. Neno hilo ni kweli kwa michezo mingi, kama lilivyo kweli kwa vitabu vingi. Walakini iko michezo michache iliyokataa kupita, na mmojawapo ni Chrono Trigger, uliotolewa na kampuni ya Square nchini Japani tarehe 11 Machi, 1995, kwa ajili ya mtambo wa Super Famicom. Mtambo huo umekwisha kuachwa zamani, mchezo haukuachwa. Ulitolewa tena kwa PlayStation mwaka 1999, kwa Nintendo DS mwaka 2008, kwa simu mwaka 2011 na kwa kompyuta mwaka 2018, na katika wapenzi wake wa leo wamo watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka mara ya kwanza. Yatupasa kuuliza sababu, kwa kuwa pendo la miaka mingi ni ushahidi ambao mhakiki hana ruhusa ya kuupuuza.

Sababu itolewayo aghalabu ni majina ya watungaji. Hironobu Sakaguchi alikuwa amekwisha kuupa ulimwengu Final Fantasy mwaka 1987. Yuji Horii alikuwa ametangulia na Dragon Quest mwaka 1986. Akira Toriyama, aliyefariki mwezi Machi, 2024, alikuwa mchoraji wa Dragon Ball, na ndiye aliyechora sura za watu wa mchezo huu. Jambo hilo lilistahili kustaajabiwa, maana Dragon Quest ilikuwa mali ya kampuni ya Enix, mshindani mkubwa wa Square. Kampuni hizo mbili hazikuungana hata mwaka 2003. Yasemwa kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa walikaa. Juu ya hayo kuna muziki wa Yasunori Mitsuda, kijana ambaye hapo kabla kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti za michezo, aliyejitaabisha hata akaugua vidonda vya tumbo, na Nobuo Uematsu akalazimika kumsaidia kuimaliza kazi.

Hayo yote ni kweli, lakini hayajibu swali letu. Fahari ya majina huiuza kazi mwaka wa kwanza. Haiifanyi irudiwe mwaka wa thelathini. Wala haitoshi kusema kuwa watu wanaukumbuka utoto wao, kwa sababu kijana aliyeucheza mara ya kwanza juzi katika simu yake hana utoto wa kuukumbuka humo. Jibu langu ni jingine. Chrono Trigger ingali ikipendwa kwa kuwa ni mchezo unaokumbuka. Huyahifadhi matendo ya mchezaji, hata yale aliyoyatenda bila kufikiri, na kwa wakati wake humrudishia mkononi ayatazame.

Kwa msomaji asiyeijua michezo ya aina hii, inafaa kueleza kwamba katika mchezo wa kuvaa uhusika mtu huongoza kundi la wasafiri, huzungumza na wenyeji wa miji, hupigana na maadui, na kwa kufanya hivyo huisogeza hadithi mbele. Desturi ya michezo hiyo ni kwamba mchezaji huingia nyumba za watu, hufungua masanduku yao, hula na kuchukua apendacho, na hakuna amwulizaye. Ulimwengu umewekwa kwa ajili yake, kama karamu isiyo na mwenyewe. Chrono Trigger iliikuta desturi hiyo, ikaigeuza kuwa mtego.

Hadithi yaanza mwaka 1000 wa hesabu ya miaka ya nchi ya Guardia, katika sherehe ya ufalme kutimiza miaka elfu. Kijana aitwaye Crono anagongana na msichana mgeni, Marle, na kidani cha msichana kinaanguka. Mchezaji aweza kukiokota kidani kwanza, au kumjulia hali msichana kwanza. Anapotembea sherehenihumo aweza kukila chakula cha mzee fulani kilichoachwa mezani. Aweza kumrudishia mtoto paka wake aliyepotea, au kupita tu. Marle anaposimama kuchagua peremende, mchezaji aweza kumngoja au kumharakisha. Hakuna dalili yoyote kwamba mambo haya yana uzito. Kisha hutokea safari ya hatari hadi mwaka 600, Marle huokolewa, ikajulikana kuwa yeye ni binti wa mfalme. Na Crono anapomrudisha nyumbani, hukamatwa kwa shtaka la kumteka nyara.

Kesi ndiyo kiini cha kazi hii. Mwendesha mashtaka hauliziuliza habari za vita wala za mashujaa. Auliza ni nani aliyeanza kumgonga mwenziwe, na kama mshtakiwa aliutamani utajiri wa binti. Huletwa shahidi wa chakula kilicholiwa, na mtoto wa paka husema aliyotendewa. Wazee wa baraza saba hupita mmoja mmoja na kutoa kauli, mwenye hatia au asiye na hatia. Mchezaji aliyekuwa amezoea kuwa bwana wa ulimwengu ajiona kizimbani, na vitu anavyoshtakiwa ni vyake kweli. Hawezi kusema kwamba hadithi ndiyo iliyomtendesha. Chakula kile hakikuliwa na hadithi.

Hapa hukumu yenyewe haileti tofauti kubwa. Akionekana mwenye hatia au asiye nayo, Crono hutiwa kifungoni vilevile kwa hila ya Waziri, naye huwekewa siku ya kuuawa. Wakosoaji wengine wameliona jambo hili kuwa udhaifu: kwa nini kupima matendo ikiwa kipimo hakibadili kitu? Mimi naona kinyume. Lau wema ungalimfungulia Crono mlango wa gereza, mchezo ungalikuwa duka, na wema ungalikuwa fedha ya kununulia uhuru. Kwa kuwa haumfungulii, mchezaji huachiwa jambo moja tu, nalo ni kujua alikuwa mtu wa namna gani pale alipodhani haangaliwi.

Ukimya wa Crono nao wapata maana kwa njia hii. Katika mwendo wa hadithi yake Crono hasemi, na wako waliomwita mtu mtupu. Ni kweli kuwa hatumjui kama tunavyomjua Lucca, rafiki yake mvumbuzi, au Frog, askari aliyegeuzwa chura. Lakini mtu asiyesema hawezi kujipamba kwa maneno. Hana hotuba za kumtetea. Ana matendo tu, na mahakama ya Guardia humhukumu kwa hayo.

Kumbukumbu hiyo haikomei mahakamani. Wasafiri hupita katika zama nyingi: zama za miaka milioni 65 iliyopita, ufalme wa uchawi wa mwaka 12,000 kabla ya hesabu, mwaka 600, mwaka 1000, na mwaka 2300 ambapo watu waliosalia huishi njaa chini ya makuba yaliyochakaa. Katika mji wa Porre mwaka 1000 yupo meya bahili mwenye jiwe ambalo wasafiri walikuwa wameliweka juani tangu kale. Hulikana, na hakuna nguvu iwezayo kumtoa ubahili wake. Dawa yake iko miaka 400 nyuma. Mchezaji hununua nyama kavu kwa sarafu 9,900, bei ya kuumiza, huirudisha mwaka 600, na huko hukuta mwanamke wa ukoo uo huo anayeihitaji. Mwanamke yuko tayari kuinunua kwa sarafu 10,000. Akiuziwa, mchezaji hupata faida ya sarafu 100 na hakuna kilichobadilika. Akipewa bure, mwanamke huazimia kuwalea watoto wake katika ukarimu. Na mwaka 1000 meya ni mtu mwingine, mwenye mkono mkunjufu, asiyejua ni kwa nini yuko hivyo. Wazee wetu walisema wema hauozi. Watungaji wa Kijapani wameionyesha kauli ya namna hiyo kwa hesabu ya sarafu na kwa miaka yake.

Kisa cha Robo ni kizito zaidi. Robo ni mtu wa chuma kutoka mwaka 2300. Mwaka 600 mwanamke aitwaye Fiona ataka kuotesha msitu mahali palipogeuka jangwa, na maisha ya binadamu hayatoshi kwa kazi hiyo. Robo ajitolea kubaki. Wenzake wapanda chombo chao cha kusafiria wakati na kwenda mwaka 1000 kumchukua. Kwa mchezaji ni dakika chache. Kwa Robo ni miaka 400 ya kulima peke yake. Msitu umeota, na Robo amewekwa katika hekalu, kimya, chuma chake kimechakaa. Akiisha kutengenezwa, rafiki zake wakaa naye usiku mbele ya moto, naye awaeleza aliyoyawaza katika karne zile: kwamba pengine milango ya wakati waliyopitia ni kumbukumbu za kiumbe fulani anayetazama nyuma, kama mtu akumbukavyo maisha yake yanapokaribia kukoma.

Usiku uo huo Lucca aamka peke yake na kuingia mlango unaompeleka mwaka 990, siku mama yake, Lara, aliponaswa na mtambo. Mtambo huzimwa kwa neno la siri, nalo ni jina la mama. Katika Super Famicom mchezaji huliandika jina hilo kwa vitufe vyenyewe, L, A, R, A, na muda ni mfupi. Akikosa, mama hubaki asiyeweza kutembea, na hakuna mara ya pili. Katika mchezo uliojaa njia za kurudi nyuma, mlango huu mmoja hufungwa kabisa. Msiba wa kweli wa Lucca ni kwamba kujua wakati si kuwa na mamlaka juu yake.

Mhakiki wa haki lazima aonyeshe pia mahali mchezo unaposahau. Ndani ya ngome ya Guardia kuna masanduku yaliyotiwa lakiri. Mchezaji akilikuta mojawapo mwaka 600 na kuliacha, kilichomo huongezeka nguvu kufikia mwaka 1000. Hukichukua huko, kisha hurudi mwaka 600 na kuchukua tena kile cha kwanza. Kitu kimoja kimechukuliwa mara mbili, na historia hainung'uniki. Tena ni ajabu kwamba mahakama ijuayo habari za chakula cha mzee haijui habari za masanduku mengine yote aliyoyafungua Crono. Mizani ya mchezo huu ni mikali sherehenitu, na kwingineko hulegea. Vilevile habari za Schala, binti wa ufalme wa uchawi, huachwa pasipo mwisho, ingawa yeye ni miongoni mwa watu wanaomgusa mchezaji kuliko wote.

Liko na swali gumu zaidi. Mchezo ukiisha waweza kuanzwa upya kwa nguvu zilizokwisha kupatikana, na jina la New Game+, ambalo sasa hutumiwa kwa michezo mingi, lilitoka hapa. Miisho yake ni zaidi ya kumi, na mwingi wa upendo wa wachezaji hutokana na kuitafuta. Lakini mchezaji wa mara ya pili huijua kesi inayokuja. Humjulia hali Marle kwanza, hukiacha chakula, humrudisha paka. Je, huo ni wema au ni werevu? Naona mara ya kwanza tu ndiyo mtihani. Zinazofuata ni tafakuri juu ya mtihani. Hata hivyo si neno dogo kwamba watu hurudi mahali waliposhtakiwa. Mtu harudii kwa furaha kesi iliyomwonea. Huirudia ile iliyosema kweli juu yake.

Mwisho tuitazame nia ya safari yenyewe. Wasafiri hawakutumwa na mfalme wala mungu. Katika mwaka 2300 waliona picha zilizohifadhiwa za mwaka 1999, siku kiumbe Lavos alipotoka ardhini na kuteketeza ulimwengu. Wao ni watu wa mwaka 1000. Moto huo hautawafikia, wala watoto wao, wala wajukuu. Wangaliweza kurudi nyumbani na kufa kwa amani. Marle asema tuubadili, na wenzake wakubali. Mahakama iliwafundisha kwamba jambo dogo lililopita halijapita. Picha zile ziliwafundisha kwamba jambo kubwa lijalo, hata likiwa mbali miaka 999, limekwisha kuwa juu yao. Mchezaji huyapata mafunzo yote mawili katika muda wa saa ishirini na kitu, bila kuhubiriwa, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekula chakula na ndiye aliyetoa nyama bure. Kazi inayomweka mtu katika hali hiyo yastahili kusomwa kwa makini yale yale tunayoyapa riwaya na tamthilia, na wanafunzi wa fasihi hawatapungukiwa na kitu wakianza na kesi ya Guardia.