Urithi wa Cherry Kearton: Mtazamo kutoka Walungu

Cherry Kearton (1871-1940), Mwingereza aliyeongoza filamu fupi katika enzi ya filamu zisizo na sauti, hatajwi sana katika uhakiki wetu. Hata hivyo, athari yake imo katika kila filamu ya wanyama tunayoitazama leo.

Mwaka 1909 Kearton alipiga picha za safari ya Theodore Roosevelt katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Filamu hiyo, iliyoonyeshwa mwaka 1910, haikuwaridhisha watazamaji, kwani haikuwa na simba anayeuawa. William Selig alikuwa amekwisha kuigiza uwindaji huo huko Chicago, simba akapigwa risasi mbele ya kamera, na umma ukaufurahia uongo huo kuliko ukweli. Hapo ndipo unapodhihirika msimamo wa Kearton: kamera imngoje mnyama. Ni kweli kwamba hakuuzingatia daima. Mwaka 1910 alimpiga picha Buffalo Jones akiwanasa wanyama kwa kamba. Lakini subira ndiyo iliyorithiwa. David Attenborough amesimulia jinsi filamu ya Kearton kuhusu pengwini ilivyomvutia utotoni, na kipindi chake cha mwaka 1979, alipoketi miongoni mwa sokwe wa Rwanda, ni tunda la fani hiyo.

Kwa upande wa maudhui, urithi huu una kasoro. Kearton alivuka Afrika mwaka 1913, akapitia Kongo. Safari za namna hiyo zilitegemea wapagazi na waonyesha njia, ambao sanaa hii imewaacha pembeni, bila jina wala kauli. Kwa mtazamaji wa Walungu, jambo hili si nadharia tupu. Jirani yake ni Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, ambamo Batwa walifukuzwa katika msitu wa mababu zao. Filamu inayomwonyesha sokwe peke yake katika msitu huo humfanya mtazamaji aamini kuwa haukupata kuwa na wenyewe.

Kwa hiyo, vijana wetu wanaoshika kamera hawana budi kuupokea urithi huu kwa kuuchambua. Subira ya Kearton ni mali ya kuhifadhiwa; lakini kamera iliyojua kumngoja mnyama haina udhuru wa kutomngoja Mtwa aseme.