Jina Lililorukwa: Kusoma Gilead ya Marilynne Robinson

Rafiki aliyeniazima Gilead alinionya kabisa: "Usisubiri kitu kitokee, hakitokei." Nikasoma kurasa thelathini za kwanza nikamwamini. Mzee mmoja amekaa anamwandikia mwanawe barua ndefu. Hakuna sura, hakuna fumbo la kuteguliwa. Anaandika, anasinzia, anaamka, anaendelea. Nilikiweka kitabu chini mara mbili. Mara ya tatu ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nakisoma vibaya: nilikuwa nasubiri mahubiri, kumbe mzee alikuwa ananionyesha nyumba yake.

Riwaya hii ya Marilynne Robinson, mwandishi wa Marekani, ilitoka mwaka 2004, miaka 24 baada ya riwaya yake ya kwanza, Housekeeping. Mwaka 2005 ikapata tuzo ya Pulitzer. Ndani ya hadithi tuko mwaka 1956, katika mji mdogo wa kubuni uitwao Gilead, jimbo la Iowa. (Wasomaji wa nabii Yeremia watakumbuka Gileadi na zeri yake, jina halikuchaguliwa hovyo.) Mchungaji John Ames ana miaka 76 na moyo wake unachoka. Mkewe Lila ni mdogo kwake sana, na mtoto wao wa kiume anakaribia miaka saba. Ames anajua kwamba mtoto huyu atakua bila kumkumbuka vizuri baba yake. Fedha za kumwachia hana, basi anamwachia barua.

Darini kuna maboksi ya mahubiri yake. Anapiga hesabu mwenyewe: mahubiri 50 kwa mwaka, kwa miaka 45, jumla 2,250. Ungedhani atamwambia mtoto, "Soma hayo, yote yamo." Wapi! Anachokiandika ni vitu vya uani. Lila na mtoto wanapuliza mapovu ya sabuni, paka anayarukia. Au enzi za utoto wake, yeye na wenzake walipowabatiza paka wadogo, na hadi uzeeni bado anajiuliza ubatizo ule ulikuwa na maana gani. Au ile siku watu walipokuwa wanabomoa mabaki ya kanisa lililoungua kwa radi, huku mvua inanyesha, baba yake akampa kipande cha mkate kilichopakaa masizi. Kipande kile anakikumbuka kama ushirika mtakatifu. Wala hapakuwa na ibada mezani. Mtoto ana njaa, baba amempa, basi.

Hapo ndipo naona nguvu ya kitabu. Vitabu vingi vya kutia moyo tunavyouziwa nje ya kanisa baada ya ibada huwa na fomula yake: hatua kadhaa, siku kadhaa, tamka hivi upokee vile. Familia inaingizwa kuthibitisha somo ambalo mwandishi alikuwa nalo tangu mwanzo. Robinson hafanyi hivyo. Ames hajui somo ni nini mpaka akumbuke mkono wa baba yake ukiwa na masizi. Na pale familia inapoipinga imani, mwandishi haifichi. Babu yake Ames alikuwa mhubiri mpinga utumwa, mtu wa moto, aliyepoteza jicho vitani. Alikuwa hawezi kuona mhitaji bila kumpa chochote kilichopo nyumbani, kiwe chake au cha wengine, hadi mama yake Ames akawa anaficha hela. Utakatifu wa babu ulikuwa baraka kwa jirani na shida kwa mpishi wa nyumba. Aliyelelewa na mzee wa namna hiyo atacheka, kisha atanyamaza.

Halafu anakuja Jack, na hapo rafiki yangu nadhani alikuwa ameshalala. Jack ni mtoto wa Boughton, mchungaji Mpresbiteri na rafiki wa Ames tangu utotoni. Hata jina alipewa la Ames. Lakini ujanani alimpa mimba binti maskini, akamtelekeza na mtoto, na mtoto yule akafa angali mdogo. Sasa amerudi, mtu mzima, mpole mno, na Ames hamwamini. Anamwona akicheza mpira na mwanawe, akiongea na Lila, anawaza: nikifa, huyu ndiye atakayekaa kwenye kiti changu? Mzee wa mahubiri 2,250 anajaribu kusamehe, anashindwa, anaandika kwamba ameshindwa, kesho yake anajaribu tena. Kwangu hiyo inatia moyo kuliko ushuhuda wowote wa ushindi.

Siri ya Jack inakuja mwishoni (ambaye hajasoma aruke aya hii). Ana mke Mweusi, Della, na mtoto wa kiume. Huko Missouri sheria ya wakati ule ilikataza ndoa ya namna hiyo. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kuzifuta sheria hizo mwaka 1967. Jack amekuja kuchunguza kama Gilead, mji ulioanzishwa na watu waliochukia utumwa, unaweza kuipokea familia yake.

Nitasema kwa nini sura hiyo ilinibana. Kwetu baba alikuwa mzee wa kanisa. Kila jioni baada ya kula tulikaa mkekani, Tenzi za Rohoni zinafunguliwa, kisha baba anatuombea watoto wote kwa majina, kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba. Dada yetu wa pili alipoolewa na Mwislamu, jina lake likaacha kutajwa. Hakuna aliyegombana. Baba alitoka wa kwanza akaenda wa tatu, na sisi sote tukaitikia Amina. Wa tatu ni mimi.

Imani niliipata pale pale mkekani, siwezi kukana. Ndiyo maana nina neno na Ames. Kuna mahali anagusia kanisa la watu Weusi lililokuwepo Gilead zamani, ambalo mtu alijaribu kulichoma. Anasema ulikuwa moto mdogo tu. Waumini wakauza, wakahamia Chicago, na mchungaji wao alipokuja kuaga akamletea Ames mayungiyungi aliyoyang'oa mbele ya kanisa lake. Bado yanachanua mbele ya kanisa la Ames. Anasimulia kwa upole uleule wa mapovu ya sabuni, anapita. Wapo wasomaji wanaomlaumu Robinson kwa upole huo. Mimi namlaumu Ames, na naamini Robinson anataka tumlaumu: swali la Jack lilikuwa limeshajibiwa miaka mingi kabla hajaliuliza, na jibu limepandwa kwenye bustani ya mchungaji. Shida ni kwamba sauti ya mzee ni tamu mno, ni rahisi msomaji naye akapita bila kusimama. Hiyo ndiyo dosari kubwa ya kitabu, kama ni dosari.

Jack anapoondoka, Ames anamsindikiza kwenye basi, anamwekea mkono kichwani na kumbariki. Baraka haibadilishi sheria wala haiiti familia ya Jack mjini. Lakini jina lake limetajwa, na aliyelitaja ni mtu ambaye kwa miaka hakutaka kulitaja. Ukitaka kuiona nyumba ile kutoka upande wa pili, soma Home (2008), matukio yaleyale yakifuata macho ya Glory, mdogo wake Jack. Ila anza na Gilead, na usiisome kwa haraka.

Desemba nilikuwa nyumbani. Baba amezeeka, sauti imepungua, akaniambia niombe mimi. Nikataja majina yote, kwa mpangilio wake, la kwanza, la pili, la tatu. Baba alichelewa kuitikia Amina. Nilisubiri macho nimefumba. Akaitikia.