Kosa la Almeida lilianzia shingoni

Tarehe 1 Machi 1510, kwenye ufuo ambao leo ni wa Cape Town, Mreno Francisco de Almeida alishuka na watu wapatao 150 kwenda kuwaadhibu Wakhoikhoi, wafugaji wa eneo hilo. Walibeba mikuki na panga, basi. Ulikuwa uamuzi mbovu tangu kwenye mashua.

Wakhoikhoi walijikinga nyuma ya ng'ombe wao na kupigana vizuri. Wareno zaidi ya 60 wakabaki mchangani, na Almeida mwenyewe akachomwa mkuki wa koo. Kilichokuwa shingoni mwake, kama kilikuwapo, hakikuzuia kitu.

Wapo watakaomtetea: mchanga mzito, jua kali, umri wa miaka kama 60. Haya, deraya kamili ya kilo 20 ibaki melini, hakuna atakayegombana naye. Lakini kola ya pete za chuma, au bamba la kukinga koo, ni mzigo wa kilo moja au mbili. Huo haumzamishi mtu mchangani. Na huyu hakuwa mgeni wa vita vya ufukweni: Agosti 1505 aliiteka Mombasa, watu wake wakipita vichochoro vyembamba huku mawe na mishale vikiwashukia kutoka juu ya nyumba. Aliyeyaona yale alijua chuma cha kichwani na shingoni ni cha nini. Kule kwenye ufuo wa Cape Town aliwadharau wenye mifugo, na huenda dharau ndiyo iliyomvua kinga.

Mafundi wa deraya hawana lawama. Karne ya 14 waliishonea basineti, kofia ya chuma ya enzi hizo, pazia la pete lililofika mabegani. Karne ya 15 wakaleta saleti, kofia nyingine ya chuma, pamoja na bamba gumu la kidevu. Kazi safi. Pete peke yake zina mipaka yake, na makaburi ya waliouawa vitani Visby, Sweden, mwaka 1361 yanaonyesha: mafuvu yaliyovunjika yangali ndani ya kofia zao za pete.

Safu hii imekwisha kulalamika kuhusu filamu ambazo shujaa huvua kofia ya chuma vita vikichacha, eti tumwone uso. Haitaacha. Wala haitaacha kumsema motari, yaani mwendesha pikipiki, wa mtaa wa Katoyi mjini Goma anayening'iniza kaske, kofia yake ya kinga, kwenye usukani huku akirukaruka juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo.

Zamani kulikuwa na wazee wenye akili. William Marshal wa Uingereza, mwenye umri wa miaka kama 70, alikuwa akikimbilia vita vya Lincoln tarehe 20 Mei 1217 alipokumbushwa kwamba hajavaa kofia. Akasimama, akaivaa, ndipo akaingia. Jemadari wa upande wa pili, mtemi wa Perche, alimpiga upanga mara tatu kichwani. Kofia ikabonyea, mzee akabaki hai. Perche mwenyewe alikufa kwa ncha iliyopita kwenye tundu la jicho. Tundu hilo linasameheka, mpiganaji lazima aone. Upenyo wa Almeida ulikuwa chini ya kidevu, mahali ambapo mafundi wa Milano walikuwa wamekwisha kupaziba miaka mingi kabla hajashuka mashuani.