Siku ya Arobaini na Moja: Tahakiki ya Mkosaji Anayerudia Kosa katika Methali za Kiswahili na Adili na Nduguze, kwa Kuzingatia Muktadha wa Matambarale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyomsawiri mtu aliyeadhibiwa kisha akarudia kosa. Matini zilizochambuliwa ni methali zinazohusu wizi na mazoea, hadithi ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze (1952), na msamiati wa sheria na magereza. Hoja kuu ni kwamba matini hizi zinaeleza kwa kina kosa na adhabu, lakini zinanyamazia kipindi kinachofuata adhabu, ambacho ndicho huamua iwapo kosa litarudiwa. Usomaji umewekwa katika muktadha wa Matambarale, wilayani Ruangwa, ili kuonesha ukimya huo unamaanisha nini kwa mkulima anayetoka gerezani.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Siku za mwizi ni arobaini" ina hesabu ndani yake. Inakiri kwamba mwizi hukamatwa akiwa amekwisha kuiba mara nyingi, na inamfariji aliyeibiwa kwamba siku hizo zina ukomo. Hesabu hiyo husimama pale mwizi anapokamatwa. Methali haisemi lolote kuhusu siku ya arobaini na moja, wala siku ile, baada ya miezi au miaka, ambapo mtu huyo anarudi kijijini akiwa amemaliza kifungo.

Ukomo huo haupatikani katika methali peke yake. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu kazi za Muhammed Said Abdulla na mhusika wake Bwana Msa, kwa kawaida hufunga pazia fumbo linapofumbuliwa na mkosaji kujulikana. Msomaji hapelekwi gerezani, na hapelekwi kabisa katika maisha yanayofuata gereza. Hivyo, anayetaka kujua fasihi ya Kiswahili inasema nini kuhusu kurudia kosa analazimika kusoma yaliyosemwa pamoja na yaliyoachwa.

Muktadha wa usomaji huu ni Matambarale, kata ya Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, katika eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Nachingwea. Ni nchi ya Wamwera na ya wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Katika miaka ya karibuni imejulikana pia kwa madini ya kinywe. Matambarale haitumiki hapa kama uwanja wa takwimu. Inatumika kama mahali mahususi pa kupimia maana ya matini, kwa kuwa methali huonekana kweli daima hadi inapoulizwa inamhusu nani, wapi na katika msimu gani.

Uchambuzi unaongozwa na mawazo ya Howard Becker, aliyeeleza mwaka 1963 kwamba ukosaji haumo katika tendo pekee, bali pia katika jina ambalo jamii humbandika mtendaji. Nadharia hii inafaa kwa sababu inaelekeza jicho kwenye lugha, ambayo ndiyo nyenzo ya fasihi.

2.0 Mkosaji katika methali

Methali zinazohusu kurudia kosa zinaweza kuwekwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza humtwika mkosaji mzigo wote. "Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa" inatoa msamaha kwa tendo la kwanza na kuufuta kwa tendo la pili. "Mchovya asali hachovyi mara moja" inakwenda mbali zaidi: inatabiri tendo la pili kabla halijatendeka. Ya kwanza inamwachia mtu nafasi ya kubadilika. Ya pili inamnyima. Hata hivyo, zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: baina ya tendo la kwanza na la pili hakuna kilichotokea kinachostahili kutajwa.

Haitakuwa haki kuzisoma methali hizi kama ukatili mtupu. Mchovya asali huonekana hivyo kwa jicho la mwenye mzinga. Mkulima aliyeamka na kukuta magunia yake ya korosho yamechukuliwa amepoteza ada ya shule, bati la nyumba na akiba ya mwaka mzima. Kwake, tahadhari dhidi ya aliyekwisha kuiba ni busara ya kujilinda, na tahakiki inayompuuza mtu huyu itakuwa imechagua kuona upande mmoja.

Kundi la pili linatazama mazingira. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" inakiri kwamba tabia ina walimu, na kwamba mwalimu akikosekana nyumbani mwingine atapatikana. Kwa kawaida methali hii husemwa kwa kumshutumu mtoto mtundu. Ikisomwa kwa makini, inauliza pia ulimwengu huo unafundisha nini. Gereza ni sehemu ya ulimwengu, na kijana anayelala chumba kimoja na wazoefu ana walimu wengi. "Mkono mtupu haulambwi" nayo inaeleza hali ya mtu anayerudi kwao bila chochote: hata jamaa hukaribia kwa hesabu.

Neno moja linaunganisha makundi haya mawili, nalo ni "sugu". Mkosaji anayerudia huitwa mhalifu sugu, na msemaji hukusudia kwamba mtu huyo hasikii tena. Asili ya neno, hata hivyo, ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa. Sugu ya kiganjani hutokana na mpini wa jembe, na ya mguuni hutokana na kiatu kinachobana. Hakuna anayezaliwa nayo. Kwa hiyo jina linalotumika kumhukumu mtu kwamba ndivyo alivyo limebeba ndani yake ushahidi kwamba alifanywa hivyo, kidogo kidogo, na kitu kilichomgusa mara nyingi mahali palepale.

3.0 Mali, kiboko na msamaha katika Adili na Nduguze

Kazi ya Shaaban Robert inayoshughulikia suala hili kwa uwazi zaidi ni Adili na Nduguze. Adili, liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibuni, ana manyani wawili anaowapiga kila usiku kisha akawalisha. Manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu. Walipoteza sehemu yao ya urithi, Adili akawagawia tena mali yake, na mwisho wakamlipa kwa kumtosa baharini. Huria, jini aliyemwokoa Adili, ndiye aliyewageuza na kumwamuru awapige.

Hadithi hii ina mnasaba na kisa cha Abdullah bin Fadil na nduguze katika Alfu Lela Ulela. Tofauti mbili ni muhimu kwa mada hii. Katika kisa cha Kiarabu nduguze waligeuzwa mbwa. Robert amewafanya manyani, mnyama anayefanana na mtu na ambaye, kwa methali ya Kiswahili, haoni kundule. Tofauti ya pili ni ya mwisho wa hadithi. Katika kisa cha Kiarabu ndugu hao, baada ya kurudishiwa umbo, wanarudia kosa na kumuua aliyewasamehe. Katika hadithi ya Robert wanatubu na kosa halirudiwi. Mwandishi alikuwa na mfano wa kurudia kosa mbele yake, akaukataa. Huo ni uamuzi wa kifalsafa: alitaka hadithi yake ithibitishe kwamba binadamu anaweza kubadilika.

Swali la kihakiki ni kitu gani kilichowabadilisha. Mali haikuwabadilisha, kwa kuwa walipewa mara ya pili na wivu ukabaki palepale. Kiboko hakikuwabadilisha pia: kinatolewa usiku baada ya usiku bila dalili kwamba kina mwisho au kwamba kinafundisha, na anayekishika huumia pamoja na anayepigwa. Mabadiliko yanakuja baada ya Rai kuwaombea msamaha na wao kurudishiwa umbo la utu. Kwa maneno mengine, hadhi inatangulia, na tabia njema inafuata. Mpangilio huu ni kinyume cha mantiki ya jamii nyingi, ambazo humtaka mkosaji athibitishe kwanza wema wake ndipo arudishiwe nafasi yake.

Udhaifu wa hadithi upo katika kile inachokifanya kionekane chepesi. Uzito wa hitimisho umewekwa katika toba na msamaha, mambo ya moyo. Hasidi na Mwivu ni ndugu wa liwali. Mlango wa riziki hauwezi kufungwa mbele yao. Robert ameonesha kwa ufasaha kwamba kiboko hakitoshi. Hakulazimika kuonesha jinsi toba inavyodumu katika nyumba isiyo na chakula.

4.0 Kazi na elimu katika lugha ya sheria

Miaka kumi na mmoja baada ya hadithi hiyo kuchapishwa, Tanganyika huru ilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963, iliyoamuru viboko 24 kwa makosa yaliyotajwa humo: 12 mfungwa anapoingia na 12 kabla ya kutoka. Kwa msomaji wa Adili na Nduguze, mgawanyo huo unagusa. Jambo la mwisho ambalo dola ilimfanyia mtu aliyekuwa akirudi kwao lilikuwa kumpiga.

Mwaka 1967 ulileta lugha nyingine. Azimio la Arusha liliifanya kazi kuwa kipimo cha utu, Elimu ya Kujitegemea ikaunganisha darasa na shamba, na Sheria ya Magereza ya mwaka huohuo ikaweka msingi wa kazi gerezani. Tangu hapo kazi ya mfungwa imekuwa na maana mbili zinazogombana. Maana ya kwanza ni maandalizi: samani za Ukonga na viatu vya Karanga, Moshi, ni ushahidi kwamba mfungwa hujifunza ufundi. Maana ya pili ni fidia: Julai 2018 Rais John Magufuli alisisitiza kwamba wafungwa wafanye kazi na kuzalisha chakula chao badala ya kulishwa na serikali. Maana hizi zinaweza kukaa pamoja, lakini si kitu kimoja. Kazi ya fidia hupimwa kwa magunia yaliyovunwa. Kazi ya maandalizi hupimwa kwa maisha ya mtu baada ya kutoka, na kipimo hicho hakimo ghalani.

Zanzibar inatoa mfano wa kuvutia wa msamiati. Huko gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, na anayetumikia adhabu huitwa mwanafunzi. Bara, neno "mfungwa" linamtaja mtu kwa kile alichotendewa. "Mwanafunzi" linamtaja kwa kile anachotarajiwa kukipata. Jina jema halileti elimu peke yake, lakini linaifanya ahadi iweze kudaiwa: chuo kisichofundisha kinaweza kuulizwa swali ambalo gereza haliulizwi. Kwamba elimu gerezani inawezekana kumeoneshwa nchini Uganda, ambako Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo na ambaye jina lake limebaki katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2009 kuhusu adhabu hiyo, alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa kifungoni na kuachiwa mwaka 2016.

Lugha ya dola, hata hivyo, bado huhesabu langoni. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Idadi ya wanaotoka ilitajwa hadharani. Walikokwenda na walichokikuta huko havikuwa sehemu ya tangazo. Ni hesabu ileile ya methali, inayosimama pale tukio linapokwisha.

5.0 Kurejea Matambarale

Tuseme mkulima wa Matambarale amefungwa miezi 6 kuanzia Juni kwa wizi mdogo. Juni ni wakati wa kupulizia mikorosho salfa. Kwa msamaha wa theluthi moja ya kifungo, anatoka mwanzoni mwa Oktoba, majirani wanapoanza kuokota korosho na kuzipeleka chama cha msingi zisubiri mnada. Miti yake haikupuliziwa. Mbaazi zake zilikomaa bila mvunaji. Adhabu iliyoandikwa mahakamani ilikuwa miezi 6. Adhabu iliyotekelezwa ni msimu mzima, na imewaangukia pia mke na watoto ambao hawakushitakiwa.

Akitafuta kibarua, anakutana na jina lake. Kijijini haihitajiki karatasi, kwani habari hutangulia. Mwajiri wa kampuni, akitaka cheti cha kutokuwa na kumbukumbu za uhalifu, atapata kwa maandishi kile ambacho majirani wanakijua kwa mdomo. Kama gerezani alijifunza kushona ngozi, hana cherehani. Kama alilima, amerudi na ujuzi aliokuwa nao kabla ya kufungwa. Akiiba tena, methali zipo tayari kumpokea: mchovya asali hachovyi mara moja. Hapo ndipo madai ya makala haya yanapoonekana. Methali itakuwa imesema kweli kuhusu tendo, na itakuwa imeficha kila kitu kilichotokea kati ya Oktoba na siku hiyo.

Sheria yenyewe ina njia nyingine. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mkosaji, pale ambapo kifungo hakizidi miaka 3, kutumikia adhabu kwa kazi isiyo na malipo huku akiishi kwake. Kwa mtazamo wa kihakiki, adhabu hii inaandika hadithi tofauti. Mkosaji haondolewi katika jamii. Anaonekana akifagia zahanati au akichimba msingi wa darasa, na jioni anakwenda kwenye mikorosho yake. Aliyeibiwa anamwona akilipa. Jamii inapata fursa ya kumwita kwa jina lingine kabla lile la kwanza halijawa sugu.

6.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonesha kwamba methali na hadithi zilizochambuliwa zina hekima nyingi kuhusu kosa na chache kuhusu kurejea. Shaaban Robert alipiga hatua kubwa kwa kukataa mwisho wa kisa cha kale na kuweka hadhi mbele ya tabia, ingawa aliliacha suala la riziki kwa wengine. Watafiti wa fasihi simulizi katika Ruangwa na Nachingwea wanashauriwa kukusanya masimulizi ya kurudi: nani alikwenda kumpokea aliyetoka, alipewa jembe la nani, na alikaa upande gani msikitini au kanisani siku ya kwanza. Waandishi wa riwaya nao wana eneo ambalo halijalimwa. Hadi masimulizi hayo yatakapoandikwa, jamii itaendelea kuzihesabu siku za mwizi hadi arobaini, na mahakama itaendelea kumpokea mtu yuleyule bila kujua alikuwa wapi siku iliyofuata.