Hombolo: Kilichopanda Bei ni Nyumba au Kiwanja?

Mwenye nyumba wa Hombolo akiuza leo kwa bei kubwa kuliko aliyojengea, sifa huziendea marumaru za sebuleni na dari ya jipsamu. Tusizipe sifa hiyo kabla ya kupiga hesabu. Bei ya mauzo imebeba vitu viwili, ardhi na jengo, na mienendo yao haifanani: ardhi hupanda, jengo huchakaa.

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, ardhi tupu nchini ilihesabiwa kuwa haina bei. Kilichothaminiwa ni maendelezo yaliyo juu yake. Sera ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1999 ndizo zilizotamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Uzito wa tamko hilo unaonekana Hombolo, kilomita kama 40 kutoka katikati ya Jiji la Dodoma kwa barabara ya Ihumwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, lakini Serikali ilihama kwa kasi baada ya tangazo la Rais Magufuli la Julai 2016, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, upande huohuo wa jiji. Mabadiliko ya namna hiyo hupandisha bei ya kiwanja hata kama juu yake kuna pagale tu.

Kwa hiyo, kwanza tenganisha. Chukua bei ya mauzo, toa bei ya kiwanja kitupu cha jirani chenye ukubwa na umiliki unaofanana. Tuseme nyumba imeuzwa shilingi milioni 60 na kiwanja kama hicho ni milioni 15: jengo limelipiwa milioni 45. Ikiwa kulijenga upya leo ni milioni 70 na limechakaa kwa asilimia 20, lilistahili milioni 56. Milioni 11 hazikurudi. Mwenye nyumba anaona faida kwa sababu kiwanja kimemfunikia hasara ya jengo.

Basi mnunuzi hulipia nini? Hulipia kile kitakachomwondolea gharama au mashaka. Anza na maji. Visima vingi vya nyanda hizi hutoa maji ya chumvi, na mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba likipata milimita 550 hukinga lita 55,000. Ukitoa zinazopotea, zinabaki kama 44,000. Familia inayotumia lita 100 kwa siku inahitaji lita 21,000 kuvuka miezi saba ya kiangazi. Tanki la lita 5,000 litaishia siku ya 50. Mifereji mizuri na tanki dogo ni kazi nusu. Kisima cha chini cha lita 25,000 ndicho mnunuzi atakachokihesabu.

Kisha ukuta. Mthamini makini huinama, akakwaruza plasta usawa wa goti. Ikitoka unga mweupe, unyevu wenye chumvi unapanda kutoka kwenye msingi uliojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu. Rangi mpya huuficha kwa muda tu, na mnunuzi aliyeuona hukata bei mara moja.

Vyumba vya kupangisha navyo vina hesabu yake, maana wanachuo wa Chuo cha Serikali za Mitaa cha hapa Hombolo wanahitaji makazi. Tuseme chumba kinaingiza 40,000 kwa mwezi, miezi 10 kwa mwaka. Mnunuzi anayetaka fedha zake zirudi ndani ya miaka 10 atakithamini milioni 4. Ukikijenga kwa milioni 6, umemzawadia milioni 2.

Mwisho ni karatasi, na hapa ndipo wengi wetu tunapojiumiza. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati kinaweza kuwekwa rehani benki, kwa hiyo hata mwenye mkopo anaweza kukinunua. Bila hati unabaki na wenye fedha taslimu, nao wanajua huna pa kukimbilia. Risiti za saruji, bati na nondo nazo ni fedha: kodi ya mauzo ya nyumba hutozwa kwenye faida, na gharama za maboresho zenye ushahidi hupunguza faida hiyo.

Anayetaka marumaru kwa raha yake aziweke, ni nyumba yake. Lakini anayejenga akiwaza kuuza, shilingi ya kwanza ampe mpima ardhi, ya pili iende kwenye msingi na paa, ya tatu kwenye maji. Marumaru zisubiri zamu yao.