Maili Moja Kila Siku, Hata Theluji Ikianguka

Tarehe 20 Desemba 1964, Mwingereza Ron Hill alitoka kwenda kukimbia. Kesho yake akatoka tena, na keshokutwa vilevile, na hakupumzika hadi mwishoni mwa Januari 2017. Miaka 52 na siku 39, bila kuruka hata siku moja.

Wapenzi wa riadha wengi wanaijua hesabu hiyo. Mimi kinachonivuta zaidi ni mahali na msimu alioanzia. Hill alikuwa akiishi upande wa Manchester, ambako mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili na ushei asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwenye ajira hukimbia gizani kabla ya kazi, na akitoka kazini anakuta giza limerudi. Naye Hill alikuwa na ajira. Alikuwa mkemia wa nguo, mwenye shahada ya uzamivu. Hata hivyo, kwa miaka 26 alifanya mazoezi mara mbili kwa siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na mara moja kila Jumapili.

Mvua ya huko wakati wa baridi haina haraka. Hainyeshi kwa kishindo ikakatika kama ya masika. Ni manyunyu ya kutwa yanayosukumwa na upepo, hewa ikiwa nyuzi tatu au nne juu ya sifuri. Mkimbiaji huyahofia kuliko theluji, maana theluji kavu hupukutika begani, lakini manyunyu hupenya hadi kwenye ngozi. Hapo ndipo taaluma ya Hill ilipomfaa. Fulana ya pamba hunywa jasho na mvua, ikalowa, ikagandamana na mgongo, na maji huondoa joto la mwili upesi mno kuliko hewa. Nailoni hainywi maji kiasi hicho. Hill alipenda singlendi ya wavu, yenye matundu ya kupitisha jasho. Mwaka 1970 alianzisha kampuni yake ya mavazi ya michezo, na suruali zake nyepesi za kubana, Tracksters, zikawa vazi la kawaida la wakimbiaji wa Uingereza. Aliyajua mahitaji ya nguo hizo kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa barabarani kila asubuhi.

Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, alishinda Boston Marathon. Siku ile kulikuwa na baridi na mvua, na upepo ulikuwa ukiwapiga usoni. Alitumia saa 2:10:30, akavunja rekodi ya mashindano hayo kwa zaidi ya dakika tatu. Sioni ajabu. Hali iliyowashangaza wengine, yeye alikuwa ameizoea kwa miaka.

Ufundi wa kukimbia kwenye baridi umejaa mambo madogo yasiyopigiwa makofi. Barafu nyembamba juu ya lami haionekani, kwa hiyo mkimbiaji hufupisha hatua, akahakikisha mguu unatua chini ya mwili wake na si mbele yake, magoti yamelegea kidogo. Kona haikati ghafla. Panapoteleza sana huhamia ukingoni, kwenye nyasi zenye sakitu, ambako viatu hushika. Upepo nao una taratibu zake: unaanza kwa kuukabili na kurudi ukiwa nao mgongoni, kwa sababu wakati wa kurudi umeshalowa jasho, na upepo wa mbele ukikukuta hivyo utakugandisha. Jioni viatu vinatolewa soli za ndani, vinashindiliwa magazeti makavu, vinawekwa mbali na hita ili gundi isiachie. Asubuhi vimekauka, na kisingizio kimoja kimepungua.

Kisha kuna kanuni yake ya maili moja. Hill alijiwekea kwamba siku itahesabiwa akikimbia angalau maili moja, yaani kilomita moja na nusu na ushei. Naipenda sana kanuni hii. Siku ya homa au ya tufani, maili kumi zinatisha, mtu anabaki kitandani akijadiliana na nafsi yake. Maili moja haina mjadala. Na mara nyingi aliyetoka kwa ajili ya maili moja huongeza nyingine, kwa kuwa baridi inayouma ni ile ya dakika kumi za mwanzo.

Sikubaliani naye katika yote. Mwaka 1993 alivunjika mfupa wa kifua katika ajali ya gari na mfululizo haukukatika. Na baada ya upasuaji wa mguu aliimaliza maili yake kwa magongo. Mfupa uliovunjika unastahili kupumzishwa, na sitamshauri mwanariadha yeyote amwige hapo. Lakini mwaka 2017, moyo ulipomuuma akiwa mbioni, aliacha, kwa ajili ya familia yake na afya yake. Kujua siku ya kuacha nako ni sehemu ya ufundi. Alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 82.

Kwetu Tanzania jina lake si geni kabisa. Julai 1970, kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Hill alishinda kwa saa 2:09:28. Wa tano, kwa saa 2:15:05, alikuwa John Stephen Akhwari wa Mbulu, yuleyule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji. Mbulu nako asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kweli, na Njombe na Makete sakitu huanguka hadi kuunguza mazao. Kwa hiyo wewe unayefanya mazoezi huko: acha fulana ya pamba nyumbani, anza kwa kuukabili upepo, na siku mwili ukigoma, dai maili moja tu.