Sheng na Kiingereza cha Karne ya 16: Kasoro za Ulinganisho

Baadhi ya watetezi wa Sheng huilinganisha na Kiingereza cha karne ya 16. John Cheke, aliyefariki mwaka 1557, alitaka Kiingereza kiandikwe bila kuchanganywa na maneno ya kukopa. Hata hivyo maneno ya Kilatini yalimiminika, na lugha hiyo haikufa bali ilitajirika.

Ulinganisho huu una ukweli, lakini pia una kasoro. Maneno yale yalishuka kutoka juu: yaliletwa na wasomi, yakaenezwa na mitambo ya chapa iliyoingia Uingereza mwaka 1476. Ndiyo maana mwaka 1604 Robert Cawdrey alitunga kamusi ya kuwafafanulia wasio wasomi maneno magumu. Sheng, kinyume chake, hupanda kutoka chini: Kaloleni, Makongeni na Mbotela, mitaa ya wafanyakazi iliyo jirani na Eneo la Viwanda, Nairobi. Msemaji wake hahitaji kamusi. Anayeihitaji ni mwalimu.

Funzo la Kiingereza, basi, si kwamba kila neno jipya lipokelewe, bali kwamba mwamuzi wa mwisho ni matumizi. Neno matatu, lililotokana na nauli ya mapeni matatu, lilianzia barabarani, na leo limo katika kamusi za Kiswahili.

Kiswahili Sanifu kiliegemezwa kwenye Kiunguja na kusimamiwa na kamati tangu mwaka 1930. Hapana budi warithi wa kazi hiyo waichunguze Sheng kabla ya kuihukumu, kwani mtoto wa Makongeni huingia nayo darasani.